UZI: Umeanza meditesheni na mambo hayaendi? Kagua kiti, usingizi na pumzi kabla ya kuilaumu akili yako

Mwambani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa watu wa hapa Mwanza na kandokando ya ziwa walioanza meditesheni ya uzingativu, wakafika siku ya nne au ya kumi, wakaanza kujiambia "hii siyo ya watu kama mimi". Mashaka ya kipindi hicho yanafanana mno kwa watu wote. Na sehemu kubwa haihusu roho wala uwezo wa akili. Ni kiti kibaya, deni la usingizi, pumzi inayosukumwa kwa nguvu, na saa iliyochaguliwa vibaya. Hivyo vinarekebishika leo leo. Tuvimalize kwanza, halafu mashaka yatakayobaki tuyape uzito wake.

Tukubaliane maana. Uzingativu ni kukitambua kinachotokea sasa hivi mwilini na akilini, bila kukifukuza na bila kukishikilia. Hatufuti mawazo. Hatuiti kitu. Hakuna neno la kurudiarudia.

Zoezi la msingi ni hili. Weka kengele ya simu dakika 10, zima data na milio mingine, kisha iweke simu nyuma yako usiione. Kaa, mgongo umesimama, mikono imelala mapajani. Vuta pumzi mbili ndefu kidogo halafu uache mwili upumue wenyewe. Chagua sehemu moja ambapo pumzi inasikika vizuri zaidi: puani, kifuani au tumboni. Usihamehame, kaa na hiyo hiyo mpaka kengele ilie. Ukigundua akili imeshafika sokoni au kwenye deni la mtu, tambua kimoyomoyo "mawazo", kisha rudi kwenye pumzi inayofuata. Hiyo inayofuata, siyo ile iliyokupita.

Akili itaondoka mara nyingi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti wa watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, wakati wowote wa siku, kama akili zao zipo kwenye wanachofanya. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha akili ipo kwingine. Hao walikuwa kwenye shughuli zao za kawaida. Kwa hiyo ukikaa dakika 10 ukajikuta umetoka mara thelathini, hujaharibikiwa. Umeanza kuhesabu kitu ambacho siku zote kilikuwa kinatokea bila kuhesabiwa.

Bi Pasiansi

Asante kwa kuanza na kiti, maana ndicho kinachofukuza watu kuliko kitu kingine, na hakuna anayekitaja.

Kiti cha plastiki tulicho nacho karibu kila nyumba kimetengenezwa ili mtu aegemee. Sehemu ya kukalia inateremka kuelekea nyuma. Ukikalia hivyo nyonga zinapinduka kwa nyuma, kiuno kinapinda kama upinde, kifua kinajikunja, na baada ya dakika 6 au 7 mabega yanauma. Mtu anasema "siwezi kutulia", kumbe kiti ndicho kinachommwaga. Dawa yake: kunja kanga mara kadhaa upate unene wa sentimita 3 au 4, iweke nyuma kabisa ya kiti, ukalie hapo bila kuegemea. Nyonga zitainama mbele kidogo na mgongo utasimama bila kulazimishwa. Nyayo zote mbili ziguse chini. Kama huzifikishi, weka tofali au ubao.

Kigoda nacho ni kizuri, ila kile kifupi cha jikoni kinapandisha magoti juu ya nyonga, na tatizo linakuwa lilelile. Kipimo ni rahisi: ukishakaa, magoti yawe usawa wa nyonga au chini yake. Yakiwa juu, ongeza kitu cha kukalia.

Nyakato Juu

Bi Pasiansi shikamoo. Na wanaotaka kukaa chini kwenye mkeka? Wengi wanalalamika miguu inakufa ganzi dakika ya 8 na wengine wanaogopa kwamba wanajiharibu mishipa.

Bi Pasiansi

Marahaba mwanangu. Ganzi inakuja kwa sababu mshipa wa fahamu unabanwa, mara nyingi chini ya paja au pembeni ya goti. Ukiachia mkao inapita ndani ya dakika moja au mbili. Isipopita haraka, au unyayo ukabaki dhaifu hata kuuinua ni shida, nenda hospitali, na usirudie mkao huo.

Chini unahitaji mto mgumu wenye kimo cha sentimita 10 hivi, wengine hadi 15 kama nyonga zimekaza. Kalia theluthi ya mbele ya mto, siyo katikati, ili mapaja yateremke na magoti yaguse mkeka. Goti likining'inia hewani, liwekee kitambaa kilichokunjwa. Mito ya kazi hii tangu zamani imejazwa sufi, na sufi tunayo. Maganda ya mpunga pia yanafaa, yanashika umbo la mtu. Pamba, pamoja na kwamba hapa Usukumani ndiyo iliyojaa, inashindiliwa haraka na mto unabaki bapa baada ya wiki chache.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Usilazimishe miguu kupandana kama kwenye picha za mitandaoni. Nyonga zikikataa kuzunguka, msokoto unahamia kwenye goti, na goti limeumbwa kukunja na kukunjua kama bawaba, halikuumbwa kusokotwa. Maumivu makali ya kuchoma ndani ya goti ni amri ya kuacha. Hakuna uzingativu unaopatikana kwa kuvumilia goti linaloharibika. Na ukiwa na ganzi usisimame ghafla, utaanguka. Nyoosha mguu, subiri hisia irudi yote.

Kijana wa Igogo

Swali la pumzi. Kuna watu ambao wakianza tu kuitazama pumzi, inabana. Wanajikuta wanavuta wao wenyewe, kifua kinakuwa kizito, wengine kizunguzungu na vidole vinawashawasha. Inakuwaje kitu kinachokwenda chenyewe siku nzima kikwame kwa kuangaliwa?

Mwambani

Pumzi ina madereva wawili. Muda mwingi inaendeshwa na shina la ubongo bila habari yako, lakini pia unaweza kuishika kwa hiari, la sivyo usingeweza kuongea wala kupiga mbizi. Ukiielekezea macho ya ndani kwa shauku, mkono wa hiari unaudaka usukani. Unaanza kuvuta kwa kina kuliko mwili unavyohitaji. Hewa ya kaboni dioksaidi inapungua kwenye damu, ndipo kinakuja kizunguzungu na kuwashwa kwa vidole na midomo. Ukiacha kuvuta kwa nguvu, kinapita.

Fanya hivi. Usiitazame pumzi inapoingia. Tazama inapotoka tu. Kutoa pumzi ni kuachia, hakuhitaji kazi. Ikiisha kutoka kuna kituo kidogo. Kaa hapo, usiite pumzi nyingine. Itakuja. Fanya pumzi kumi za namna hiyo na mara nyingi usukani unarudishwa wenyewe. Kama bado, weka kiganja juu ya kitovu na usikilize kiganja, siyo pumzi: kinapanda, kinashuka. Mtawa Mahasi Sayadaw wa Myanmar aliwafundisha wanafunzi wake kufuata tumbo linavyopanda na kushuka, na kwa mtu anayejibana kifua njia hiyo ni rafiki kuliko puani.

Na kama una pumu, au historia ya kubanwa kifua, huhitaji pumzi hata kidogo. Chukua nyayo zinavyogusa sakafu, au viganja vinavyogusana, au sauti. Ni nanga tu, na kuna nanga za aina nyingi.

Mzee wa Igombe

Naongezea hapo kwenye nanga, kwa kuwa neno hilo watu wanalitumia bila kujua nanga inavyofanya kazi majini.

Mtumbwi ukifungwa kwa kamba fupi, wimbi linapokuja linainua pua ya mtumbwi na kamba inaing'oa nanga chini. Kamba ikiachiwa ndefu, mtumbwi unapanda na kushuka, unazunguka kidogo, nanga haitoki. Anayeanza meditesheni anafunga kamba fupi. Anaikaba pumzi, anakunja uso, anauma meno, na wazo dogo tu linamng'oa. Ailegeze kamba. Kwa makadirio yangu robo ya usikivu iwe kwenye pumzi, sehemu iliyobaki iachwe wazi: sauti ipite, joto lipite, wazo lipite. Akili itazunguka lakini haitakwenda mbali.

Dalili kwamba kamba ni fupi utaziona usoni: paji limekunjamana, ulimi umegandamizwa juu, taya limekaza. Kila unapogundua umetoka, kabla ya kurudi kwenye pumzi, legeza taya kwanza. Nusu sekunde inatosha.

Kijana wa Igogo

Vipi kuhesabu pumzi? Naona wengine wanaisifia njia hiyo, wengine wanaikataza.

Mzee wa Igombe

Hesabu, kwa wiki mbili za mwanzo. Moja inapotoka ya kwanza, mbili inapotoka ya pili, hadi kumi, halafu rudi moja. Ukipotea rudi moja bila kesi. Ukijikuta umefika kumi na saba ujue ulikuwa unahesabu kwa mazoea na akili haipo.

Mwambani

Hapo mzee wangu tunatofautiana kidogo. Kwa watu wenye tabia ya kujipima kwenye kila kitu, hesabu inageuka mtihani. Hao ni bora watambue kwa neno moja tu, "inaingia", "inatoka", bila namba. Kwa watu ambao akili inayeyuka na kusinzia, hesabu inasaidia kweli. Jaribu zote mbili siku tatu tatu, uchague moja, ukae nayo mwezi mzima. Kinachoharibu ni kubadili mbinu kila siku.

Stendi ya Nyegezi

Kusinzia je? Kwa wanaofanya kazi ngumu hilo ndilo tatizo namba moja. Dakika ya tatu kichwa kinadondoka.

Bi Pasiansi

Kwanza jiulize unalala kwa muda gani. Kama ni muda wa saa tano tu kila usiku, mwili unadai, na meditesheni haiwezi kulipa deni hilo. Lala. Hili silisemi kama mzaha. Kuna watu wanajilazimisha kuamka saa kumi alfajiri wakae kimya wakati walilala saa sita usiku, wakamaliza wiki wamekonda na wana hasira kuliko walivyoanza.

Kama usingizi unatosha na bado unasinzia, kagua saa. Baada ya ugali wa mchana, nyumba ya bati, joto la Februari: hapo atasinzia yeyote. Kaa asubuhi baada ya kunawa uso na kabla ya chai, au jioni kabla ya chakula. Usifumbe macho, yaache nusu wazi, yaangalie sakafuni kama mita moja mbele, bila kukodolea kitu. Ikishindikana simama. Meditesheni ya kusimama ni halali kabisa: magoti yamelegea kidogo, uzito umegawanyika nyayo mbili, unasikiliza nyayo. Ukisinzia umesimama magoti yatakuamsha.

Au tembea. Chagua njia ya hatua 10 hadi 15 uani, nenda, simama, geuka, rudi. Kisigino kinagusa, unyayo unalala, vidole vinasukuma. Mwendo wa taratibu, ila usiwe wa kuigiza mpaka ukose mhimili. Dakika 15 za kutembea hivyo zina thamani ileile ya kukaa.

Bwiru Kilimani

Naomba niseme kuhusu sehemu, maana tunaishi katika mji wa mawe na maji na kila mtu anawaza kwenda kukaa juu ya mwamba atazame ziwa. Picha nzuri, ila kuna mambo.

Miamba yetu inashika joto. Kuanzia saa nne asubuhi jiwe lililopigwa jua halikaliki, na alfajiri ni baridi inayopanda kiunoni. Chukua mkeka na mto. Tafuta sehemu bapa kweli. Mteremko mdogo tu unapinda nyonga upande mmoja na baada ya dakika 20 kiuno kinalalamika bila wewe kujua sababu.

Ufukweni, msitumbukize miguu majini ili "kusikiliza maji". Ziwa letu lina kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono wanaokaa maji ya kina kifupi yenye majani, vinapenya kwenye ngozi bila maumivu, huhitaji hata kunywa maji. Kukaa robo saa miguu ikiwa ndani ya maji ni kujitafutia ugonjwa. Kaa pakavu. Na kwenye matete, hasa alfajiri na jioni, kuna mamba na viboko sehemu nyingi za ziwa hili; ulizeni wenyeji kabla ya kukaa na kufumba macho.

Mbu ni suala la pekee. Kuna mafundisho yanayosema vumilia muwasho uone unavyokuja na kuondoka. Kwa sisimizi sawa. Kwa mbu wa mkoa wenye malaria, hapana. Anayeeneza malaria anauma zaidi usiku hadi alfajiri, saa ileile watu wanayoipenda kukaa. Kaa ndani, vaa mikono mirefu na soksi, au kaa ndani ya chandarua. Godoro likibonyea, tandika ubao juu yake uweke mto hapo.

Nyakato Juu

Na kelele? Mtu anaishi Mabatini au karibu na Mwaloni, hakuna saa ya kimya.

Mwambani

Kimya si sharti. Ila kelele hazilingani. Injini ya daladala, mvua kwenye bati, kunguru, upepo wa ziwa: hizi ni nyepesi, unaweza kuzifanya nanga kabisa. Sikiliza sauti inavyoanza, inavyopanda, inavyokwisha, usiipe jina. Kwa wenye kubanwa na pumzi ndiyo njia bora ya kuanzia.

Ngumu ni maneno. Mazungumzo ya jirani, matangazo ya kipaza sauti, wimbo wenye mashairi unayoyajua. Akili inaelewa lugha bila kuombwa ruhusa na inafuata maana. Kwa hiyo usitafute saa isiyo na kelele. Tafuta saa isiyo na maneno. Mitaa mingi hiyo ni kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili asubuhi. Adhana ikipita, iache ipite, na kama ni Mwislamu swali kwanza ndipo ukae.

Wenye watoto wadogo: waambie wa nyumbani muda kamili, "dakika 10, saa hii mpaka saa hii". Watu huheshimu muda wenye mwisho. Ukisema tu "naomba utulivu" utagongewa mlango mara nne.

Stendi ya Nyegezi

Kuna swali watu wanaliuliza pembeni lakini hawaliandiki. Hii ni dini? Kuna wanaoambiwa kwamba ukikaa kimya unafungua mlango pepo wakaingia.

Mwambani

Linastahili jibu la wazi. Asili ya mbinu hizi ni Ubudha, hasa mafundisho ya kuzingatia pumzi, mwili, hisia na akili yaliyohifadhiwa katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya Kibudha. Anayekwambia hazina asili ya dini hajakutendea haki. Kinachofundishwa hospitalini leo kilitokana na Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 alianzisha programu, inayojulikana leo kwa wiki zake 8, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Aliyachukua mazoezi akaacha ibada, sanamu na imani. Katika zoezi tulilolieleza hapa hakuna anayeombwa, hakuna anayeitwa, na akili haiachwi tupu. Inapewa kazi moja: kutambua.

Dini zetu zina ukimya wake. Waislamu wa tarika wana muraqaba, yaani kukaa kimya wakimkumbuka Mungu, Wakristo wana sala ya kimya na mafungo. Si kitu kimoja na uzingativu, kwa sababu kule unaelekea kwa Mungu na huku unaelekea kwenye pumzi. Usivichanganye wala usibadilishe kimoja kwa kingine. Na dhamiri yako ikikusuta, zungumza na padri, mchungaji au shehe wako ukimweleza hatua zenyewe, siyo jina la zoezi. Ukiona bado haikukalii sawa, acha. Zipo njia nyingine za kutuliza mwili.

Mtafiti wa Buhongwa

Nami naleta upande wa ushahidi, kwa sababu mitandaoni inatangazwa kama dawa ya kila kitu na hilo nalo linazaa mashaka ya haki.

Mwaka 2014 timu ya Madhav Goyal wa Johns Hopkins ilikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Walikuta ushahidi wa wastani kwamba programu za uzingativu zinapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu, kwa kiwango kidogo hadi cha kati. Kuhusu usingizi, uzito wa mwili na umakini, ushahidi ulikuwa hafifu au haukutosha. Na hawakuona kwamba meditesheni inazidi tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Kwa hiyo ikiwa kutembea haraka kutoka Capri Point hadi mjini na kurudi kunakutuliza na kukaa kimya kunakukera, hujapoteza kitu.

Angalieni pia kipimo. Programu ile ya Massachusetts ilidai mazoezi ya nyumbani dakika 45, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 8, na darasa la saa mbili na nusu kila wiki. Anayekaa dakika 5 mara mbili kwa wiki asitarajie matokeo ya hao.

Kijana wa Igogo

Dakika 45 mkuu, kwa mtu anayeamka kufungua genge?

Mtafiti wa Buhongwa

Ndiyo maana tunasema anza na 10. Wiki mbili dakika 10 kila siku. Wiki mbili zinazofuata, 15. Kisha 20, ukae hapo. Dakika 20 za kila siku zinatosha kwa mtu mwenye shughuli. Bandika kwenye jambo ambalo tayari halikukosi, mfano baada ya kupiga mswaki. Siku ukiruka, kesho yake kaa dakika zilezile, usilipe mara mbili. Kulipa deni kunageuza zoezi kuwa adhabu na wiki ya pili unaacha.

Nyakato Juu

Na wale ambao wakifumba macho wanazidi kuogopa? Moyo unakwenda mbio, kumbukumbu mbaya zinakuja.

Bi Pasiansi

Hao wasiambiwe "vumilia, itapita". Ni kosa linalofanywa na waalimu wengi na linaumiza watu.

Mtu aliyepitia kipigo, ajali, msiba mzito au kuzama majini akikaa kimya, mwili unaweza kuileta hofu ile nzima bila picha wala onyo. Hapo fungua macho. Kandamiza nyayo chini. Geuza shingo taratibu uangalie chumba, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Shika kitu baridi, kikombe cha maji kinatosha. Usirudi kwenye pumzi siku hiyo. Ukijaribu tena, macho wazi, dakika 3, nanga iwe nyayo au sauti za nje, siyo kifua.

Ikirudia, au usingizi ukikatika, au ukaanza kujiona uko nje ya mwili wako, acha na uende kwa mhudumu wa afya ya akili. Hospitali ya Bugando inayo huduma hiyo. Mwenye historia ya kusikia sauti au kuchanganyikiwa asianze bila kumshirikisha daktari wake. Na hakuna anayeruhusiwa kupunguza dawa za sonona au kifafa kwa sababu ameanza meditesheni. Narudia, hakuna.

Stendi ya Nyegezi

Amina. Na aliyemaliza wiki tatu, kiti kizuri, hasinzii, kifua hakibani, ila anasema "hakuna kinachotokea"?

Mzee wa Igombe

Huyo sasa ndiye mwenye shaka halisi, na huyo ndiye wa kukaa naye.

Anatafuta mahali pasipo sahihi. Anasubiri jambo litokee ndani ya zile dakika: raha, mwanga, utulivu mkubwa. Dakika zenyewe kwa kawaida ni za kuchosha. Akague saa nyingine za siku. Kondakta akimjibu vibaya, je, alijua hasira inapanda kabla mdomo haujafunguka, hata kama alifoka baadaye? Aliwahi kugundua mabega yamekaza akiwa kwenye foleni ya kivuko? Akila sato, alionja vipande vingapi kabla ya kushika simu?

Achukue daftari la shule. Kila siku mstari mmoja: saa, dakika alizokaa, na neno moja kati ya matatu, "nzito", "rukaruka" au "tulivu". Asiandike zaidi. Baada ya wiki 4 asome. Ataona mpangilio: pengine kila siku ya "rukaruka" inafuata usiku wa simu, au "nzito" ni Jumatatu zote. Akikuta hakuna mabadiliko yoyote, ndani wala nje, baada ya wiki 8 za kweli, ana haki ya kuacha akijua alijaribu.

Kuchoshwa nako kuna namna yake ya kutazamwa. Kunakaa wapi mwilini? Mara nyingi ni kutotulia mikononi na haja ya kuangalia saa. Itambue ile haja, usiitii kwa pumzi tano, halafu uamue. Muwasho vivyo hivyo: uone ulipo, una joto au unachoma, unapanda au unashuka, kisha kama bado unataka kujikuna, jikune kwa makusudi.

Mwenyeji wa Ukara

Shikamooni wazee. Swali la mwisho toka huku visiwani. Wavuvi wa dagaa wanashinda majini usiku, wanarudi asubuhi wamechoka. Ratiba zote hapa ni za watu wa mchana. Wao wakae saa ngapi?

Mzee wa Igombe

Marahaba. Asubuhi wakirudi wasikae, watalala wameketi. Walale chali makusudi na wapitie mwili kutoka vidole vya miguu hadi utosini, pumzi tatu kila sehemu: unyayo, shavu la mguu, paja, kiuno, tumbo, mgongo, kiganja, bega, shingo, uso. Usingizi ukiwachukua kwenye paja, vizuri, ndiyo kazi yake.

Kukaa kwenyewe kuwe jioni, baada ya kuamka na kula, kabla ya kushusha mitumbwi. Dakika 10. Majini, wakiwa wanasubiri dagaa wakusanyike kwenye taa, macho yabaki wazi na usikivu uwe kwa mawimbi, upepo na wenzao. Mtu asifumbe macho chomboni. Mbalamwezi ikiwa kamili na mitumbwi imelala, hizo siku chache za kupumzika ndizo za kuongeza hadi dakika 20. Giza likirudi, warudi kwenye 10.